Fundi Anataka Picha

Bondo mchonga mawe amenijia mara ya tatu,
vumbi jeusi kwenye nyusi, kofia mkononi.
Jiwe liko tayari, anasema, nimelisugua mpaka linaona.
Hapa Chiatura wafu wetu husimama wima makaburini,
wamechorwa kwa ncha ya chuma, suti na tai,
wengine na sigara, mmoja na lori lake.
Kilichobaki ni uso. Nipe picha, shemeji,
moja tu, akitazama mbele.

Moja tu!
Ucha, nimefungua masanduku yako yote ya viatu.
Picha elfu tatu na ushei. Nimekutafuta: humo.
Yumo mama yako Tsiala akimenya jozi, vidole vimemwiva weusi.
Vimo vigari vya waya vikining'inia juu ya mto,
na nyaya zenyewe, ulizozipaka grisi mchana kutwa
ukazipiga picha jioni, kana kwamba hamjuani.
Yumo mbwa wa jirani.
Yumo mbwa wa jirani tena.
Nimo mimi, nimenuna, povu la sabuni hadi viwikoni,
nasema acha, Ucha, sijachana nywele
(sauti haikutoka, ila mdomo unasomeka).
Yumo Tekle wa siku moja, wa siku mbili, wa siku tisa,
Tekle hana jino, Tekle ana jino.

Kinyozi hajinyoi, walisema watu mazishini,
wakaifurahia methali yao, wakaongeza mvinyo.

Ipo ya pasipoti. Ulisema mwenyewe umefanana na mdaiwa.
Siwezi kukusimamisha miaka mia kule mlimani
na uso wa mtu anayedaiwa.

Ndipo nikaikumbuka kamera.
Iko msumarini nyuma ya mlango, ulipoitundika
ile Februari, kabla mshipa mmoja mdogo kichwani
haujaamua yake.
Usiku ule haukucha, Ucha.
Kidirisha kinasoma ishirini na tisa. Zimebaki saba.
Wiki mbili sikuigusa:
kuisafisha filamu ni kukiri kwamba hutaimaliza.

Tekle akaimaliza.
Mimi niko nje naanika nguo, yeye yuko juu ya kiti.
Alipiga goti langu mlangoni, uvungu wa meza,
viatu vyako ambavyo sijaviondoa,
giza, giza, kidole chake, giza.
Nilimchapa mkononi. Nakiri.
Kisha nikalia kumshinda yeye.

Filamu ikaenda Kutaisi kwa basi, ikarudi ndani ya bahasha.
Namba kumi na saba.
Sikuwepo, sijui ilikuwaje; nadhani ulikuwa ukimfundisha.
Imelala upande, imeingia ukungu,
imepigwa kutoka kimo cha miaka minne:
matundu ya pua, kidevu hakijanyolewa,
jicho moja, sikio, mdomo wazi katikati ya neno,
na mkono wako, mkubwa kuliko kichwa,
unakuja mbele kuiweka lenzi sawa.

Bondo aliigeuza, akaigeuza tena.
Shemeji, hii si picha. Ni nusu uso. Watu watanicheka.
Nikamwambia chonga.
Na mkono?
Na mkono.

Jumapili tulipanda na mkate na mvinyo, tukakumwagia fungu lako.
Kulia kwako yuko jirani wa suti, kushoto yule wa lori,
wametulia kama watu waliolipa ada;
wewe tu ndiye umeingia kwa ubavu,
bado hujamaliza kusema.
Mama yako hakutoa neno. Alilowesha leso kwa mate
akakufuta jiwe, pale puani.
Tekle alikutazama, akarudi nyuma hatua moja,
akasogea kushoto kidogo, akachuchumaa.

Hapa, akasema.
Nilikuwa nimesimama hapa.